Mbwa wa Kusimama

Usiku ule niliingia kitandani nimefura. Sikusali wala sikuaga mtu, nikavuta blanketi mpaka kichwani na kugeukia ukutani. Tuli, binti yangu, alikuwa upande wa pili wa kitanda, amenipa mgongo. Tangu baba yake afariki tunalala pamoja, mimi na yeye, na siku zote huwa ananisogelea mpaka nakosa pa kuweka mkono. Usiku ule kati yetu angeweza kulala mtu wa tatu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mbwa. Usicheke. Huku kwetu Njombe, kwenye baridi hii, watu wanagombania mipaka, wanagombania ng'ombe, mimi nikagombana na mtoto wa darasa la tano kwa ajili ya mbwa, tukanuniana mpaka ugali ukaganda sahanini.

Mambo yalikuwa hivi. Shemeji yangu Yona, mdogo wa marehemu mume wangu, aliniambia jioni ile kwamba asubuhi ataniletea mbwa wake. Jibwa lenyewe jeusi, kifua kipana, na watu wakikaribia nyumba ya Yona huvuka wakapita upande mwingine wa njia. "Shemeji, uko peke yako na mtoto wa kike, nyumba yenyewe iko mwisho wa kijiji," aliniambia. "Nitamfunga mnyororo hapa mlangoni. Mwizi akimwona tu, kwaheri." Nilimshukuru kweli, maana Yona ana roho nzuri, na mimi usiku upepo ukigonga bati moyo unanipiga paa.

Tuli hakutaka jibwa. Tuli alimtaka mtoto wa mbwa wa kwa Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo ni mzee wetu mmoja, alistaafu zamani lakini jina la kazi limemganda. Anafuga mbwa wadogo wenye madoa, weupe na kahawia, mkia nusu, manyoya marefu masikioni na nyuma ya miguu. Asili yao ni shamba la chai, enzi za mabwana waliokuwa wanapenda kupiga ndege. Mbwa hawa hawamkimbizi ndege. Akinusa kwale amejificha kwenye majani, anasimama. Anainua mguu mmoja, pua mbele, hatikisiki, mpaka mwenyewe umfikie. Ndiyo maana sisi tunawaita mbwa wa kusimama. Mume wangu Ezekia, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Tuli, alikuwa naye mmoja, jina lake Chai. Alikuwa na kibali chake cha kuwinda ndege, na kila msimu alitoka na Chai na Yona, wakarudi na kwale wa mchuzi na wa kugawia majirani. Ezekia alipofariki, Chai alikaa miezi michache tu, mzee, anachechemea, na yeye akaenda.

Sasa Bwana Mifugo alibakiwa na mtoto mmoja, wa ukoo uleule wa Chai. Alikuwa ametutumia salamu: kuna mwenye hoteli wa mjini anamtaka, anakuja kumchukua asubuhi jua likichomoza. "Lakini nyie ni watu wa Ezekia," alisema. "Mkiwahi, ni wenu. Mkichelewa, siwezi kumngojesha mtu wa watu."

"Mbwa wa kuwinda wa nini?" nilimwambia Tuli mezani. "Nani atawinda? Baba yako yuko wapi?"

Tuli akaweka tonge chini. Hakula tena.

Ukweli ni kwamba nilimwogopa yule mdogo kuliko jibwa. Nilikuwa nakumbuka kucha za Chai zikigonga sakafu ya jikoni alfajiri, na harufu yake akiwa amelowa. Kimbwa kama kile kikiingia kwangu, kila kikitikisa masikio ningekuwa namtazama Ezekia anayetoka mlangoni. Nilijua siwezi. Na hapohapo nilijua kwamba mtoto wangu ananizimikia taratibu. Tangu msiba hachezi, haendi shambani, akitoka shule anakaa kizingitini amekumbatia magoti. Mwalimu wake aliniita akaniambia Tuli hana kosa, ila hayupo. Sikujua nimwashe na nini, jamani. Kitu pekee alichoniomba tangu tuzike ni yule mbwa, na asubuhi mbwa alikuwa anakwenda hotelini.

Hivyo ndivyo nilivyolala.

Nakumbuka tu niko jikoni nachochea moto. Kuni ni mbichi, moshi umenijaa machoni, napuliza mpaka mashavu yananiuma. Mlango unasukumwa. Sigeuki. Najua ni nani kwa jinsi anavyopangusa miguu, anapangusa mmoja tu, wa pili anausahau, na miaka yote ya ndoa yetu nimemsema kwa hilo.

"Na wa pili," nikasema.

Akapangusa wa pili.

Ndipo nikageuka. Ezekia alikuwa amesimama pale, suruali imelowa umande mpaka magotini, koti lake lilelile lisilo na kifungo cha juu. Hakuwa yule wa hospitali. Mashavu yalikuwa yamerudi. Nyuma yake Chai, anahema, ulimi nje. Na mimi katika ndoto ile nilijua kabisa kwamba mume wangu amekufa, nimemzika, nimemkalia matanga. Sikuogopa. Nilipandwa na hasira.

"Kama umekuja kunichukua," nikamwambia, "umepoteza safari. Nina mtoto, na njegere zangu hazijavunwa."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anacheka siku zote, nami nikageukia moto haraka ili asinione uso.

Halafu nikawaza, ahaa, ana kiu. Kwetu marehemu akikutokea, wazee watakwambia ana kiu. Watu hupeleka ulanzi kaburini, ile pombe yetu ya mianzi, wakamwaga kidogo na kingine wakanywa wenyewe. Basi nikaanza kutafuta kidumu cha ulanzi. Natafuta chini ya meza, natafuta nyuma ya kinu, jikoni kwangu ambako najua kila kijiko kilipo, na kidumu sikipati. Nikakikuta mwishowe, nikafungua. Ndani kuna maji ya mtoni, baridi, na manyoya ya kwale yanaelea juu yake.

"Sikuja kunywa," akasema.

Alikuwa anatazama mlangoni. Nami nikatazama. Jibwa la Yona limekwisha kuletwa, limelala kizingitini na mnyororo wake, kubwa kuliko lilivyo, mpaka mwanga hauingii. Kwa nje nasikia sauti ya Tuli inaita, "Mama! Mama!" Anaita kama mtu aliyechoka kuita. Nikamwambia yule mbwa, ondoka. Haondoki. Hata kunguruma hangurumi. Ananitazama tu kwa macho ya upole, maskini, anafanya kazi aliyopewa, ya kuzuia watu. Nikavuta mnyororo kwa mikono miwili, nikavuta mpaka vidole vikaniuma, na sauti ya Tuli inazidi kuwa ndogo.

Ezekia akainama. Akampapasa jibwa kichwani, akaifungua pete ya mnyororo shingoni taratibu, akaiweka chini isilie.

"Huyu si mbaya," akasema. "Mwache aende."

Na jikoni hatupo tena.

Tuko uani kwa Bwana Mifugo. Ezekia amechuchumaa kwenye majani makavu, na watoto wa mbwa wanamzunguka. Hii naijua, hii ilitokea kweli. Ni siku aliyomchagua Chai. Tulikuwa tumeoana juzijuzi, akanikokota niende naye kwenye baridi, na mimi nikalalamika njia nzima. Watu wengine wakichagua mbwa wanatazama ukubwa wa miguu, wanatazama rangi, wanamtaka anayebweka sana. Ezekia hakutazama hivyo. Alimwaga uji kwenye bakuli, watoto wote wakakimbilia, na walipokuwa katikati ya kula akatia mkono wake ndani ya bakuli, akauacha humo. Mmoja akanguruma. Mwingine akakimbia. Mmoja, mdogo kuliko wenzake, akasogeza kichwa kidogo kuupisha mkono, akaendelea kula.

Kisha akachukua fimbo yenye uzi, mwisho wa uzi kafunga bawa la kwale, akalitupa majanini. Wote wakaruka. Yule mdogo akawa wa kwanza, alikimbia utadhani ana njaa ya mwezi, na alipobakiza kidogo tu akasimama. Mguu mmoja juu. Mwili mzima unatetemeka.

"Tazama," Ezekia aliniambia siku ile. "Anataka kuliko wote. Lakini amejizuia. Mbwa wa namna hii ndiye wa kuwekwa ndani na mtoto."

"Hatuna mtoto," nilimjibu. "Na mimi nimeganda."

Sasa katika ndoto nayaona yote tena, bakuli, uji, mvuke wa uji. Ila mkono ulio ndani ya bakuli si wa Ezekia. Ni mkono mdogo, kucha zimetafunwa. Ni wa Tuli. Nataka kupiga kelele, toa mkono mwanangu, utang'atwa, na sauti haitoki. Mtoto wa mbwa mwenye sikio moja la kahawia anasogeza kichwa. Anampisha. Halafu anaanza kulamba uji kati ya vidole vyake, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

Tuli akacheka.

Yesu wangu. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Si kwamba nilikuwa nakikumbuka kwa mbali, nilikuwa nimekisahau kabisa jinsi kinavyoanza kwa kukwama puani. Nililia palepale, mbele ya Bwana Mifugo na mbwa wake.

"Lakini ni mdogo," nikamwambia Ezekia huku nafuta machozi kwa kiganja. "Mdogo mno. Atatulinda na nini huyu?"

Amekwisha kuanza kutembea, nami namfuata, na majani makavu chini ya miguu yangu yanakuwa majani mabichi, yanakuwa njegere. Ni mlimani, alfajiri, ukungu umelala bondeni. Umande unanilowesha kitenge. Mahali hapa sijawahi kufika naye. Miaka yote alipokuwa anaamka kwenda kwenye kwale, nikijigusa niamke, ananifunika. "Lala, Mama Tuli, kuna umande." Nami nikalala. Mwanzoni nilisema huyu mwanamume ananipenda. Baadaye nikasema hataki niende. Sikuwahi kumwuliza, na pale mlimani nilitaka kumwuliza, na mdomo haukufunguka.

Ananipa wavu.

Huu wavu nikueleze. Wale mabwana wa shamba la chai walikuwa na bunduki. Wafanyakazi waliokuwa wanawalisha mbwa wao hawakuwa nazo, basi wakasuka nyavu, na baba yake Ezekia alikuwa mmojawapo. Wavu wa kwale ni mrefu kama upande wa nyumba, mwepesi, na unashikwa na watu wawili, huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Mbwa akisimama, nyie mnakuja nyuma yake polepole. Mnaupitisha wavu juu ya mgongo wake, yeye mwenyewe na ndege walio mbele yake, kisha mnaushusha. Mbwa anafunikwa pamoja na kwale. Na hatakiwi kujitikisa, wavu uko mgongoni, ndege wanalipuka usoni mwake, yeye ametulia. Jibwa hapo lingepagawa, lingechana wavu likatoka nao mpaka bondeni. Ndiyo maana anatakiwa mdogo, mpole, anayekuamini. Kwa Ezekia upande wa pili ulikuwa wa Yona, tangu wakiwa vijana. Tangu msiba Yona hajaugusa.

"Sijui kushika," nikasema.

"Tembea ninavyotembea."

Tunatembea. Chai yuko mbele, pua chini, anakwenda kulia, anarudi kushoto, mkia ule mfupi haukai. Mara anasimama. Mguu juu. Kimya kinaingia, kimya ambacho hata pumzi yangu naona ni kelele. Natazama mgongo wa Chai, unatetemeka kama sufuria inayotaka kuchemka, na hasogei. Hapo nikaelewa kilichokuwa kinamwamsha mume wangu. Nikamwonea wivu kwa asubuhi zote zile. Nikampenda upya, palepale, na miguu yangu imelowa.

Tunainua wavu. Unapita juu ya mbwa. Nikatupa jicho upande wa pili nione Ezekia anashushaje, nami nishushe. Si Ezekia. Ni Tuli, na sweta lake la shule, ulimi ameubana kwa meno, macho hayabanduki kwa mbwa. Na mbwa si Chai. Ni yule mwenye sikio moja la kahawia.

Nikageuka. Ezekia yuko nyuma yetu, pembeni mwa shamba, mikono mitupu, ameining'iniza tu kama mtu aliyetua mzigo.

"Shusha, Mama," Tuli akasema.

Tukashusha. Kwale wakalipuka chini ya wavu, mabawa, makelele, manyoya, na mimi nikacheka kwa woga. Mbwa hakutikisika. Wavu umemlalia mgongoni, kwale anampiga mabawa puani, yeye amenitazama mimi kwa jicho moja, ananingoja.

"Ezekia!" nikaita. "Njoo ushike, watatoroka!"

"Mikono yangu imepumzika," akasema. "Shikeni ninyi."

"Na mlango?" nikapiga kelele, maana ukungu ulikuwa unapanda, umemfika kiunoni. "Nani atalinda mlango?"

Mabega yakacheka.

"Mlango gani, Mama Tuli? Mko nje."

Hakuniaga. Ukungu ulimpanda mpaka kifuani, mpaka kwenye lile koti lisilo na kifungo, na mimi nataka kumkimbilia na mikono yangu imeshika wavu, na nikiuacha ndege wataruka, na Tuli ameshika upande wake kwa nguvu zake zote. Basi nikabaki nimeshika. Nikavuta kwa nguvu, navuta, navuta.

"Mama! Unanivutia blanketi!"

Nikafumbua macho. Chumba giza, mwanga mdogo sana dirishani. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimekamata pindo la blanketi kwa mikono yote miwili, na Tuli amelikamata pindo lingine kwa upande wake, nywele zimesimama, amenikodolea macho. Tukatazamana.

"Usiwashe moto," nikamwambia. "Kaa hapa nikwambie kitu."

Kwetu ndoto ya marehemu haingoji uji. Inasemwa kabla moto haujawashwa, kinywa hakijaonja kitu, la sivyo wazee wanasema ujumbe unachacha. Nikamwambia Tuli yote, la miguu, la kidumu, la jibwa, la bakuli, la wavu. Sikuongeza, sikupunguza. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Chai alikuwa anachechemea?"

"Hapana. Alikuwa anatembea vizuri."

Tuli akalia. Kaburini hakulia, matanga hakulia, watu wakasema mtoto huyu jasiri. Sasa alilia kwa sauti, akaniangukia kifuani, na mimi nikamshika, nikamwambia lia mama, lia tu, lia.

Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa Yona, na jibwa lake, na mnyororo ameuzungusha mkononi. Pumzi zao zilikuwa zinatoa mvuke. Nilitoka na kitenge begani, sikumkaribisha ndani wala sikumwuliza ameamkaje. Nikamwambia, "Shemeji, kaka yako amekuja usiku." Nikamsimulia na yeye palepale mlangoni, maana ni ndugu yake wa tumbo moja, ana haki. Alisikiliza amesimama. Jibwa likakaa chini kwenye umande.

Nilipofika kwenye jibwa nikasema neno kwa neno: huyu si mbaya, mwache aende. Nilipofika kwenye wavu Yona akatazama chini.

"Aliniulizia?" akasema.

Jamani, Yona ni mwanamume mzima, ana wake na wana, anabeba gunia la mbolea kila kwapa. Aliniuliza kwa sauti ya mtoto aliyeachwa nyumbani wenzake walipokwenda mnadani. Ningeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi mno: ndiyo, amekusalimia, amesema umefanya vema. Nani angejua? Lakini maneno ya marehemu hayatiwi chumvi.

"Hapana, shemeji," nikamwambia. "Hakukuulizia."

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Sawa tu." Akauviringisha mnyororo mkononi, akaufungua, akauviringisha tena. "Nilimwahidi hospitalini kwamba nitawatunza. Sina kitu kingine, shemeji. Nina huyu tu. Ndiyo nikasema nimlete huyu."

Roho iliniuma. Miezi yote hii nilikuwa nikisema nimefiwa mimi, amefiwa Tuli. Huyu naye alikuwa ameshika upande mmoja wa wavu tangu ujana wake, na siku moja upande wa pili ukawa hauna mtu, na hakuna aliyemwuliza wewe umelalaje.

Tuli alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alivaa viatu saa ngapi.

"Baba mdogo," akasema, "mimi kuufungua wavu sijui. Nilijaribu, ukajifunga mafundo. Na Mama ndiyo kabisa."

Yona akamtazama muda mrefu.

"Mmeuweka wapi?"

"Darini."

"Panya?"

"Sijui, Baba mdogo."

Akavuta mnyororo kidogo, jibwa likainuka. "Ngoja nimrudishe huyu," akasema. "Nisubirini. Msiende bila mimi." Akageuka akapanda kilima, anatembea kwanza, kisha namwona anakimbia, na jibwa linakimbia pembeni yake.

Nisikuache roho juu: mbwa tulimpata. Sasa hivi nikiongea yuko chini ya meza, sikio la kahawia limeangukia mguu wa Tuli. Lakini kila nikiisimulia ndoto hii, mimi naishia pale mlangoni. Kwa Bwana Mifugo ni karibu, tungekimbia tungefika. Upande wa bonde mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Mama," Tuli akaninong'oneza. "Mwenye hoteli."

"Najua."

"Jua linatoka, Mama. Atamchukua."

"Najua, mwanangu."

Alikuwa ametanguliza mguu mmoja nje ya kizingiti, mwili wote unamtetemeka. Hakuuongeza wa pili. Nikamshika mkono, nao ulikuwa wa moto. Tulimtaka yule mbwa, Mungu anajua tulivyomtaka, na tukabaki palepale, tukamsubiri Yona.